Mke Wangu, Fundi Aliyebakiza Kifungo cha Mwisho

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951. Hapana, 1950. Dada yake, huyu aliyekaa hapa mbele, ndiye wa 1951. Marehemu alimtangulia kwa mwaka mmoja na kwa maneno. Basi ni 1950. Baba yao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama aliuza mkaa.

Alisoma hadi darasa la saba. Baba alipofariki, 1964, alipelekwa kwa shangazi yake kujifunza cherehani. Shangazi hakupenda mtu aguse tepu yake, kwa hiyo marehemu alijifunza kupima kwa shibiri. Mpaka uzeeni, watu wazima na heshima zao walisimama mbele yake wakipimwa mabega kwa vidole kama watoto.

Mwaka 1969 alipanga chumba chenye dirisha la barabarani, kati ya kinyozi na kibaraza ambapo mumewe, ndiye mimi, alichonga funguo. Kila nguo aliyoshona aliibakizia kifungo cha mwisho. Hakukishona mpaka mwenye nguo aje aivae. Alisema nguo haijaisha mpaka mwenyewe asimame ndani yake. Kuna askari alimtuma mkewe kuchukua sare, akaenda nayo gwaride hivyo hivyo. Alirudi amefura.

“Mama, umeniaibisha mbele ya mkubwa wangu.”

“Nilimshonea nani, wewe au mkeo? Haya, simama wima, afande.”

Akasimama.

Marehemu na mumewe walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1971, wakajaliwa watoto watatu. Vikombe vya kabati moja havikosi kugongana, na vya kwetu viligongana mpaka majirani wakazoea. Januari 1986 marehemu alipata kazi ya kusimamia washonaji katika kiwanda cha sare, mji mwingine. Aliondoka na cherehani na kitinda mimba wetu. Hakusema ni kwa muda gani. Aliacha shati langu la bluu, limekwisha, isipokuwa kifungo cha mwisho.

Nililitundika msumarini, nyuma ya mlango. Kinyozi alikuwa akiliona kila akija kuazima jiko.

“Jirani, lete nikutilie hicho kifungo. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.”

“Kiache.”

“Utalivaa lini sasa?”

“Kiache, bwana.”

Desemba 1989 mkokoteni ulisimama mlangoni, cherehani juu yake, mtoto ameshika mguu wa meza ya cherehani. Marehemu aliingia, akatazama chumba.

“Baba watoto, lile shati liko wapi?”

“Msumarini.”

“Livae.”

Nikalivaa. Nikamuuliza, “Umerudi kukaa, au umekuja kumaliza kazi yako?”

“Simama wima.”

Akashona. Akakata uzi kwa meno, akarudisha cherehani pale pale dirishani. Hakuondoka tena. Kiwanda hakikufungwa wala hakumkosea mtu huko. Walimtumia salamu miaka mingi.

Sukari ilimpata 2015, macho yakafuata, kisha figo. Alifariki hospitalini tarehe 2 Agosti 2023, asubuhi. Nilikuwa nimetoka kuchukua uji. Niliporudi muuguzi alikuwa anakunja shuka. Akasema, “Pole, baba.” Nikauliza niuweke wapi uji. Akanionyesha meza, nikauweka. Ile chupa ya uji bado iko huko, mtoto mmoja aifuate.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na dada yake. Alikaa sana kwenye kile kiti kigumu. Sasa mgongo wake upumzike, na amani iwe naye.

Shati ndilo hili nililovaa. Kola imelika, kifungo hakijalegea. Akiwa mgonjwa nilimuuliza tena kwa nini alirudi, akasema nimletee maji. Juzi nikamuuliza dada yake. “Shemeji, hata mimi hakuniambia.” Watoto nao wanatazama chini.

Mama watoto, ulirudi kwa ajili yangu, au hukupenda tu kuacha kazi haijaisha?