Bi Muzna, Mwita Majina wa Dirisha la Dawa

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi Muzna Thuwaini, mfamasia wa kituo chetu cha afya hapa Usagara, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Nimeombwa niandike mimi, mhudumu wa usafi, kwa sababu nafagia mbele ya dirisha lake kila siku, na wenzangu wamesema hawapendi kuyaandika mambo ya alasiri.

Alikuja kutoka Pangani, dirisha la dawa likiwa bado la wavu wa kuku. Ni yeye aliyepigania friji ya insulini mpaka ikaletwa. Hakumkabidhi mgonjwa dawa kabla hajahakikisha ameelewa namna ya kuinywa, na akikutana na bibi wa Kibondei alijaribu Kibondei chake, bibi akacheka mpaka maumivu akayasahau. Mwanangu Jaku alipokuwa na homa, Bi Muzna alimfunga mgongoni kwa kanga yake akaendelea kuhudumia watu. Mtoto akalala.

Sasa la alasiri. Dawa ambazo wenyewe hawajazifuata, yeye huziweka kwenye kikapu cha ukindu. Kabla ya kufunga huita kila jina mara tatu, ingawa benchi la wagonjwa liko tupu. Bila kuita, dawa hairudi rafuni. Mara nyingi huwa kimya. Mara chache huitikiwa. Ndiyo maana mlinzi wetu Alexander, saa hiyo ikifika, hukumbuka kuna kitu amekisahau getini.

Mwaka jana mdogo wangu Nasima alimaliza kidato cha sita, na alama zake zikamruhusu kusoma udaktari au ufamasia. Alitaka aende kufanya kazi Muscat, aliko shangazi yetu. Nyumbani hapakuwa na wa kumshauri, mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Nikampeleka kwa Bi Muzna.

"Shikamoo, Bi Muzna."

"Marahaba. Ndiye huyu msafiri wetu?"

Nasima akauliza kipi kitamfikisha upesi.

"Ufamasia una miaka michache kidogo," Bi Muzna akamjibu. "Lakini kote huko utakuta mtihani wao na leseni yao. Mfamasia atajifunza upya majina ya dawa na sheria zake. Daktari atajifunza upya namna watu wa huko wanavyosema wanaumwa. Njia ya mkato hakuna, mwanangu. Kaa hapa na mimi mpaka nifunge."

Akakaa. Alasiri ikafika, Bi Muzna akaanza kuita. Kikapuni mlikuwa na dawa za presha za Mzee Shaib wa Tongoni, aliyetarajiwa siku ile asitokee. Akaita mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kutoka kwenye benchi ambalo sote tuliliona tupu, sauti ya mzee ikajibu taratibu, "Naam." Kisha benchi likalia, kama linavyolia mtu anaponyanyuka.

Bi Muzna hakushtuka. "Nenda salama, Mzee Shaib," alisema, akaitoa dawa kikapuni.

Asubuhi yake mpwa wa mzee akaja na habari. Mzee alikuwa amefariki jana yake, adhuhuri.

Nasima hakula siku ile. Kesho yake alirudi dirishani peke yake, nami nikifagia nikawasikia.

"Bi Muzna, nitasoma udaktari. Nataka nimkute mtu angali anaitika kwa pumzi zake."

"Na huko Muscat je?"

"Nitakwenda nikiwa nimeiva. Wagonjwa wako kila mahali."

"Haya, kasome basi. Mimi nilipoogopa mara ya kwanza nilibaki papa hapa dirishani. Wewe woga umekusukuma mbele, ufuate."

Sasa Nasima yuko mwaka wa kwanza chuoni, na kila akipiga simu humuulizia Bi Muzna kabla ya kuniulizia mimi.

Bi Muzna, ahsante kwa kutujua kwa majina, wazima na wasio wazima. Mungu akujaalie mapumziko mema na afya ya kuwafaidi wajukuu. Nasima anakusalimu. Anasema masomo bado marefu, na anakuomba ukiitwa usiharakishe kuitika, umngoje kwanza amalize.