Bisibisi Sikioni

Bwana asifiwe sana, watu wa Mungu! Nimeona midomo yenu ikijibu, nashukuru.

Ndugu zangu, mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba kule Ilemela. Sifa yangu ilikuwa sikio. Naweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, nasikiliza mlio, nasema, "Beringi hii imekwisha." Na kweli imekwisha! Nilijivuna, jamani, msiulize.

Lakini kelele za miaka mingi zikaniziba masikio. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Niliendelea kuweka bisibisi sikioni, sisikii kitu, natangaza, "Iko salama." Mwongo mkubwa ndani ya ovaroli safi!

Bosi akafunga umeme wa jua juu ya paa, na kwenye kila mota akaweka kifaa kidogo kinachopima joto, mtetemo na umeme unaopotea bure, kisha kinatuma taarifa kwenye simu ya ofisini. Nilikichukia! Nilijua kimekuja kuniumbua. Siku kilipowasha taa nyekundu kwenye mota ya kinu kikubwa, kabla ofisini hawajaona, nilikibandua kimyakimya nikakibandika kwenye mota nyingine isiyo na tatizo. Kikaonyesha kijani. Nikacheka peke yangu.

Ndugu zangu, asubuhi iliyofuata beringi ya mota ile ya kinu kikubwa ikakwama, mkanda ukakatika, ukaruka hadi kichwani kwa mama Kulwa, anayelisha mbegu kwenye kinu. Uliondoka na kilemba chake. Kilemba tu! Mungu ni mwema!

Alinijia mbio, nikausoma mdomo wake: "Fundi, mashine ilikuwa inalia. Nimekuita mara tatu!"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilipiga magoti palepale kwenye mashudu, nikaungama mbele ya wote kwamba mimi ni kiziwi, na kifaa nimekihamisha mimi. Nilijua kazi sina tena. Bosi akaniandikia kwenye simu yake: "Kirudishe mwenyewe. Kuanzia leo wewe ndiye utakayekisoma."

Sasa simu inatetemeka mfukoni kabla mota haijaumia. Umeme hatuupotezi ovyo, na mama Kulwa anafanya kazi bila hofu. Masikio sijarudishiwa, nisiwadanganye tena. Nimefunguliwa kutoka kwenye uongo, haleluya!

Wewe unayeficha udhaifu wako ili usidharauliwe, mtegemee Mungu, useme leo. Na sasa wote tuseme Amina, ila inueni mikono, niione.