Vitabu Vilivyotufundisha Kuuliza Nani Aliona

Mgeni rasmi, Mama Thuwaiba, msimamizi wa maktaba ya Mutanga Nord. Wazazi na majirani wa Kanyosha:

MAKARIBISHO
Tunajua barabara ilifungwa Jumatatu, na kama ungeahirisha tungekuelewa. Umekuja. Karibu sana.

TULIKOTOKA
Kikundi chetu kilianza mwaka 1997, vikwazo vya biashara dhidi ya nchi yetu vilipomaliza bidhaa dukani kwa Mzee Nasor. Rafu tupu zilimsikitisha, akapanga juu yake vitabu vya Kifaransa alivyoachiwa na mwalimu aliyehama: vitabu kuhusu akili ya binadamu, hofu, hasira na namna ya kujirekebisha. Mama Nsimire, muuza vitenge kutoka Bukavu, alikuja kutafuta sabuni akaondoka na kitabu. Jumamosi iliyofuata alirudi kutueleza kwa Kiswahili alichosoma. Tangu hapo hatujaacha kukutana.

TULICHOVUNA
Tungeweza kutaja waliojifunza kusoma. Tumechagua kusimulia jambo moja, kwa ruhusa ya wahusika.

Mwaka juzi ilivuma mtaani kwamba Birindwa, seremala, anawapitishia waasi bunduki alfajiri ndani ya gunia. Nsimire aliisikia kwa Lisette, jirani yake wa sokoni, akaipokea kama ilivyo, akawapa wateja watatu habari hiyo kabla ya saa sita. Mchana huohuo tulisoma sura inayosema kwamba mtu mwenye hofu akiona nusu ya jambo, akili yake humalizia nusu iliyobaki, kisha humwambia ameona lote. Msomaji alikuwa Nsimire mwenyewe. Katikati ya ukurasa akafunga kitabu, akaenda moja kwa moja kwa Lisette. Lisette alisema kaambiwa na Jovithe, mwenye kioski cha kona. Jovithe alipobanwa alikiri kwamba aliona kitu kirefu ndani ya gunia, basi.

Nsimire alipofika kwa Birindwa, watu walikuwa wameshajaa langoni, wengine na fimbo. Alitueleza baadaye kwamba alitamani kugeuka arudi. Akajipenyeza hadi mbele, akauliza, "Nani aliona bunduki na macho yake?"

Mmoja akasema, "Mi nilisikia tu."

"Hata mi nilisikia. Na mi niliwapa watu hayo maneno. Birindwa, unisamehe."

Birindwa alilileta gunia mwenyewe, akalimwaga: miguu minne ya kitanda. Kitanda kilikuwa cha mkewe, aliyekuwa karibu kujifungua. Watu waliondoka mmoja mmoja, bila kutazamana.

Msamaha haukuja siku hiyo. Kwa miezi miwili Birindwa alimpita Nsimire bila salamu, naye Nsimire hakumlaumu. Kisha Jumamosi moja Birindwa aliingia tulipokuwa tukisoma, akakaa karibu na mlango, akasema, "Munisomee ile sura." Siku hizi hakosi.

VITABU TUNAVYOPENDEKEZA
Ukituuliza uanze na vitabu vipi, tutasema vile vinavyoeleza jinsi tunavyohukumu haraka, halafu vya hasira, hasa vyenye mifano ya nyumbani. Vinavyoahidi utajiri kwa siku thelathini tulivisoma pia. Mzee Nasor, aliyefanya biashara kwa miaka arobaini, alicheka mpaka akavua miwani.

CHANGAMOTO NA MAOMBI
Vitabu vyote ni vya Kifaransa. Wengi wetu, Birindwa akiwemo, tunategemea mdomo wa Nsimire. Akiugua, tunakaa bila kusoma. Tunaomba vya Kiswahili, hata vichache.

Halafu, bidhaa zimerudi dukani. Mzee Nasor hajatuambia tuhame. Ila mifuko ya chumvi imepangwa sakafuni, na vitabu bado viko juu ya rafu.

Ombi la mwisho ni dogo: usiondoke mara tu risala itakapokwisha. Sisi tumesema yetu. Chai iko tayari, na leo tungependa kukusikiliza wewe, mpaka umalize.

Mola akufikishe nyumbani salama, na azipe nyumba zote za mji huu usingizi wa amani.

Ni sisi,
Wasomaji wa Jumamosi, Kanyosha
Bujumbura, Juni 2001