Fomu ya Mpiga Besi

Wewe mama ambaye mwanao anakusumbua umnunulie gitaa la besi, sikia haya. Doreen Hallam, ambaye mwanawe alianza kumsumbua hivyo juzi, alikuwa kwenye basi la mji wa Wolverhampton, Uingereza, nyuma ya mzee mwenye fomu ya hospitali mapajani.

"Leo napasuliwa mkono," mzee alimwambia mwanamke aliyeketi naye. "Ila hawanigusi mpaka niandike jina la mtu atakayenirudisha nyumbani." "Si umwandike mkeo?" "Aliondoka nikiwa safarini na bendi." "Bendi gani hiyo?" "Si moja, ni bendi kumi na tisa, dada. Roki, jazi, hata tangazo la biskuti. Mpiga besi wao akiugua, naitwa mimi."

Mwanamke akacheka. "Basi mzee, mwandike mmoja wa hao wakubwa wako!" "Wa safari wameshanisahau. Wa studio hawanijui hata sura: mimi napiga Jumanne peke yangu, mwimbaji anakuja kuimba Ijumaa."

Doreen alihisi baridi, na madirisha yote yamefungwa. Basi likakata kona ya hospitali. Mzee akatoa kalamu, akamgeukia jirani yake. "Samahani, dada. Wewe unaitwa nani?"

Mwanamke akaanza kupekua mkoba wake bila kumtazama. Basi likasimama.