Maswali ya Murunga

Kila Jumamosi, basi la Moiben likielekea Eldoret, mimi hufuma sweta nikihesabu mishono. Jumamosi hiyo nilipoteza hesabu, kwa sababu mama aliyekaa mbele yangu alimnyang'anya kijana wa kando yake daftari.

"Murunga, ulikuja kwangu mara tatu," alisema. "Ukauliza binti yangu Chepkorir ana miaka mingapi, amefika darasa gani, anaamka saa ngapi. Si nilijua umekuja kuposa?"

"Lakini Mama, nilisema ni utafiti wa chuo, juu ya elimu ya wasichana."

"Wachumba wote huanza kwa kuzunguka. Hata jogoo nilichinja, maana nyinyi watu wa Bungoma bila kuku hamjakaribishwa."

Jogoo huyo, nadhani, hakuombwa ruhusa na mtafiti yeyote.

"Sasa futa majibu yangu," Mama aliendelea. "Chepkorir haamki saa kumi. Wala hamalizi Biblia nzima kila mwaka. Nilikuwa namsifu tu."

Murunga alishika kichwa. "Mama, nimeshaandika kwamba wasichana wa Moiben karibu hawalali. Mkuu wa chuo anangoja ripoti Jumatatu."

"Mwambie ukweli. Na mimi pia niambie. Maswali yenyewe ni ukurasa mmoja. Mara tatu ni za nini?"

Basi lilikuwa linasimama karibu na soko la Eldoret. Murunga aliongea akiangalia viatu vyake.

"Maswali yaliisha siku ya kwanza, Mama. Hizo mara mbili nilikuja kumwona Chepkorir."