Kanda za Soko la Jumatano

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Harub kizime hicho kiyoyozi, maana kinashindana na mimi na leo sina koo la kushindana na mtu. Sheikh Mahrous na mwanawe Ghanim, majirani zetu, wamekubali kukaa hapo mlangoni wawe mashahidi kwamba nnasema haya nikiwa na akili zangu timamu.

Mitende ya Al Qabil, zamu yetu ya maji ya mfereji wa falaji, nyumba hii na dhahabu zangu, sheria imeshavigawa kabla yangu, sina la kuongeza wala kupunguza. Nnalotaka kulisema ni la kanda zangu za nyimbo.

Chekeni. Nyinyi mnaocheka mmeshakula kutokana na kanda hizo hizo.

Mnajua kwamba tulipofika hapa Ibra kutoka Unguja, nilisomesha watoto wa kike mpaka chaki na kelele zikanimaliza sauti, nikawa nakwaruza, na madaktari wakaniambia niache ubao. Nikatandika mkeka katika soko la wanawake la Jumatano, nikauza vitambaa kama wenzangu. Kisha Ghalia, binti yangu, ukaniletea kutoka Matrah kanda ya mwimbaji mmoja wa kike wa Welisi, huko Uingereza, mkusanyiko wa nyimbo zake zilizopendwa kuliko zote, na nilipoisikia ile sauti iliyokwaruzika nilikaa kitako. Kumbe mtu anaweza kuwa na koo kama langu na dunia nzima ikatega sikio!

Na wewe Hamda, mke wa mwanangu Harub, ulikuwa bibi harusi mpya, ukachungulia jikoni ukasema, "Ammati, mkwe wangu, huyu dada yako? Sauti moja, inalia kama mlango wa ngome." Wakacheka hata watumishi. Nilinuna, na moyoni nikanuna miaka.

Lakini Jumatano iliyofuata niliichukua ile kanda nikaiweka juu ya vitambaa, nikaipiga kwenye redio, na wanawake wakajaa. Dukani kwa wanaume hawaendi, na kwenye soko letu mwanamume haingii. Kizuri chajiuza. Mabruka wa Sinaw, muuza mbuzi, asiyejua hata neno moja la Kizungu, alisikiliza wimbo mmoja akasema, "Huyu kapotelewa na ngamia, na bado anamwita." Akanunua papo hapo.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ilipo fahari yangu. Mikusanyiko ile imetoka mingi. Wenye kampuni huzichukua nyimbo zile zile, wakazipanga upya, wakaongeza moja au mbili, wakambadilisha yule mwanamke nywele kwenye picha. Wateja wangu hawasomi herufi za Kizungu, wanaona picha tu. Ningeweza kumuuzia mwanamke mmoja wimbo mmoja mara nne na asijue mpaka afike kwake. Sikufanya hivyo hata siku moja. Nikiweka kidole chini ya kila jina, nikilisoma polepole kama nilivyowasomesha watoto alifu, nikimwambia, "Hii unayo, bibi, irudishe." Soko zima likaniita Mwalimu, na jina hilo sikupewa na serikali.

Ramadhani iliyopita nilipolazwa, Ghalia ulinikalia mkekani, ukauza zote, ukarudi unacheka. Jumatano nyengine Mabruka alikuja na kanda mkononi: "Mwalimu, bintiyo kaniuzia mbuzi wangu mwenyewe!" Nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, si kaitaka mwenyewe?" Siku nilipozidiwa tena akaenda Hamda, ambaye muziki wenyewe haupendi. Kaltham, mke wa Sheikh Mahrous, alinihadithia: kila aliyekuja aliulizwa, "Unayo ipi nyumbani, ya nywele fupi au ya nywele ndefu?" Ukarudi, Hamda, na nusu ya kanda hazijauzwa, unaona haya kuniangalia. Usiku ule kinyongo changu kilinitoka, wallahi, kama mwiba.

Harub, nnajua umeshaahidiana na rafiki yako Abdullatif mzipeleke dukani kwake Nizwa. Hapana. Mrithi hausiwi, wewe na Ghalia ni warithi wangu, lakini Hamda si mrithi, na kanda na mkeka hazifiki hata robo ya thuluthi nnayoruhusiwa kuusia. Basi shuhudieni: ni vya Hamda, pamoja na mahali pangu pale sokoni kwenye kivuli cha ukuta. Na wewe, mwanangu, hata wakikufanya waziri, kumpokonya huwezi, kwa sababu soko lenyewe huliingii.

Ghalia, usinune kama nilivyonuna mimi. Una ulimi wa kuuza hata kokoto. Kauze vitambaa, kaa ubavuni kwa wifi yako, mmoja aite watu na mwengine awaambie kweli.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Hamda, njoo hapa. Lile uliloniambia jikoni nilikuwa silijui maana yake. Mlango unaolia, mwanangu, ni ule unaofunguliwa kila siku. Nimefunguliwa sana mimi. Alhamdulillahi.

Nizikeni kabla jua halijawa kali. Mola akupeni mkono unaotoa, na ulimi usiogeuka, na watoto wakusikilizeni hata mkikwaruza... Amin. Semeni amin.

Bado moja. Mabruka ameagiza kanda mpya. Imefika, imo ndani ya mkoba wa kijani. Picha ni ngeni, lakini nyimbo... ngeni ni mbili tu. Matanga yakishaondoka nenda, Hamda. Mwambie.

Mwambie kabla hajafungua kipochi.