Samaki wa Kwanza wa Mtoto

Ndani ya ndege ndogo tuliyopanda kwenda Puvirnituq, kijiji cha Wainuiti kaskazini mwa Kanada, bibi mmoja alimuuliza binti aliyeketi kando yake, "Umepakata nini, mwanangu?"

"Samaki, bibi. Mtoto wa kwanza niliyemkata kitovu ana miaka minne. Jana kavua samaki wake wa kwanza, kaniletea mimi niliyemkata kitovu, kama mila yetu."

"Kumbe mkunga!"

"Mwanafunzi tu. Nazalisha na mwalimu wangu, ila mtihani wa kuandika nimefeli mara mbili. Naenda kuwaambia wakuu wa mafunzo kwamba naacha."

"Na samaki huyo mkononi? Thubutu!"

Binti alipomfunua samaki, hakuzidi kiganja, lakini abiria wote tuliinuka kumtazama kama nyangumi.

"Na watakaozaliwa mwakani," bibi alisema, "samaki wao wampelekee nani? Daktari mgeni wa kusini?"

Ndege ilitua. Binti alimfunika samaki taratibu, kama kichanga.